Kuna Kitu Kinagonga Ndani ya Tangi: Kutambua Wageni wa Jiwe Hai kwa Dalili Zao

Simu ya kwanza huja usiku: "Fundi, kuna kitu kinagonga ndani ya tangi. Kioo hakitapasuka?" Ya pili huja asubuhi. Ni picha iliyotikisika ya mnyoo wa waridi mwenye manyoya, na chini yake swali moja tu: nimuue na nini? Natunza matangi ya maji chumvi hapa Kampala, mengi ya nyumbani na machache ya mikahawa, na maswali haya yamejirudia mpaka nayajua kama kondakta anavyozijua stendi zake.

Jiwe hai, kwa asiyelijua, ni kipande cha mifupa ya matumbawe ya zamani, chepesi na chenye vitundu kila upande. Linaitwa hai kwa sababu ya wakazi wake. Bakteria waliomo ndio wanaogeuza amonia ya samaki kuwa nitriti, kisha nitrati, na bila wao tangi halikaliki. Lakini vitundu hivyo hivyo hubeba wapangaji ambao hukuwaalika. Jiwe linalofika Kampala limefungwa kwenye magazeti mabichi na kukaa njiani saa nyingi. Kutoka Mombasa peke yake ni zaidi ya kilomita 1,000. Wanyonge hufia njiani. Wanaosalia ni wale wagumu, nao hujificha mpaka njaa iwatoe. Ndiyo maana mtu hununua jiwe Januari akamwona kaa Aprili.

Jambo ninalowasisitizia wateja ni hili: usiue usichokitambua. Matangi mengi niliyoitwa kuyaokoa yaliharibiwa na dawa, si na mnyama. Anayeishi Nyali, Mombasa, anaweza kushuka kuchota maji ya bahari. Sisi huku kila lita imetengenezwa kwa chumvi ya dukani, na jiwe likishakufa kulirudishia uhai ni kazi ya wiki kadhaa.

Kwa hiyo, kabla ya dalili yoyote, tafuta tochi na uifunike kwa karatasi nyekundu ya nailoni. Zima taa za tangi, subiri saa mbili, kisha mulika polepole. Wanyama wengi wa baharini hawaoni vizuri mwanga mwekundu, kwa hiyo hawatakimbia. Tazama macho yake, tazama miguu, tazama anarudi shimo gani. Piga picha ya shimo, kwa sababu mchana mashimo yote yanafanana.

Dalili: mlio wa "ta!" usiku

Shuku mitambo kwanza. Hita iliyobanduka ukutani hugonga kioo kila maji yanapoisukuma, na pampu iliyoingiwa na mchanga hulia kama kidole kinachogonga meza. Zima kimoja kimoja usikilize. Umeme ukikatika wenyewe, usikimbilie jenereta. Kaa dakika tano na sikio karibu na tangi. Vitu vyote vimezimwa na mlio bado upo? Basi una mnyama.

Anayefuata kwa uwezekano ni kamba bastola. Ni mdogo, aghalabu sentimita tatu hadi tano, na gando lake moja ni kubwa kupita kiasi, kama mtu aliyevaa glavu ya ndondi mkono mmoja. Akilifunga kwa kasi hutoka povu linalopasuka, na huo ndio mlio. Kwa kawaida hana madhara makubwa. Mwache. Wengine huishi shimo moja na samaki mdogo anayewalindia mlango, na ukiwaona wawili hao utasahau kelele.

Wa tatu ndiye wa kuogopwa: kamba mwenye mikono iliyokunjwa kama ya vunjajungu. Macho yake yako juu ya vijiti na kila moja hugeuka kivyake. Hukaa mlangoni pa shimo akikutazama, na chini ya mlango huo utakuta vifuu vya konokono vilivyovunjwa. Wako wapiga ngumi na wako wachoma mkuki. Mpiga ngumi hupasua gamba la kaa kwa pigo moja, na wakubwa wamewahi kupasua kioo cha tangi. Kidole chako si kigumu kama gamba la kaa, kwa hiyo usikiingize shimoni.

Kumtoa, anza na mtego wa chupa. Kata shingo ya chupa ya soda, igeuze iingie ndani, tia kipande cha nyama ya kamba au mukene (dagaa wa ziwani), uilaze karibu na shimo taa zikizimwa. Ikishindikana siku tatu, toa jiwe lote, lishike juu ya ndoo shimo likitazama chini, umimine ndani yake maji ya soda yasiyo na sukari. Hatavumilia, atatoka mwenyewe. Suuza jiwe kwa maji ya tangi kabla ya kulirudisha. Jiwe likiwa zito au limebeba nguzo ya mawe mengine, usilivute peke yako. Nimeona tangi la futi nne likipasuka chini kwa jiwe lililoteleza, si kwa kamba.

Dalili: samaki wanapotea au wana vidonda

Hapa kila mtu anataka mhalifu. Kwa kawaida hakuna. Samaki aliruka usiku, tazama nyuma ya kabati kabla ya kulaumu mtu. Au alikufa kwa ugonjwa au amonia, na minyoo wakammaliza kabla ya alfajiri. Waliokula mzoga wanakamatwa kama wauaji. Au samaki mwenzake anamnyanyasa, na vidonda viko mapezini. Pima amonia na nitriti kwanza, zote zinatakiwa ziwe sifuri.

Vipimo vikiwa safi, tafuta kaa. Kaa wengi wanaokuja na mawe ni wala mwani na mabaki, lakini mwenye nywele mwilini na ncha nyeusi kwenye magando mtilie shaka: akikua hula konokono, matumbawe na samaki aliyelala. Kaa laini, bapa, anayekaa katikati ya matawi ya tumbawe ni mwingine kabisa. Huyo hulinda tumbawe lake dhidi ya maadui, na kumtoa ni kumfukuza askari aliyekuwa anafanya kazi bure. Na usimpike yeyote kati yao. Baadhi ya kaa wa miambani wana sumu isiyotoka hata kwa kuchemshwa.

Nadra zaidi, lakini mbaya, ni mdudu kama chawa mkubwa, wa sentimita moja hivi, mwenye macho meusi makubwa. Usiku hung'ang'ania samaki na kumnyonya. Watu humchanganya na jamaa yake anayejikunja kama kidonge, ambaye hana neno. Tofauti iko kwenye mwendo: mwema hujikunja, mbaya huogelea kwa kasi. Tega chupa usiku mfululizo. Wakiwa wengi, hamisha samaki wote na uache tangi bila samaki kwa miezi; wadudu hawa huvumilia njaa kuliko wenye tangi wanavyovumilia tangi tupu, ndiyo maana wengi hushindwa katikati.

Mwisho wa orodha yuko mnyoo mkubwa wa jamii ya Eunice. Ana pembe tano kichwani na mwili unaong'aa rangi rangi kama mafuta juu ya maji. Mwaka 2009, huko Newquay nchini Uingereza, akwariamu moja ilihangaika na matumbawe yaliyokatwa usiku bila kumwona mkataji. Walipobomoa maonyesho yote walimkuta mnyoo wa zaidi ya mita moja. Ukiona pembe tano, usimvute. Hukatika, na kipande kilichobaki hukua upya. Toa jiwe zima liwekwe chombo cha peke yake.

Dalili: minyoo wenye manyoya pembeni

Hii ndiyo picha ninayotumiwa kuliko zote. Mnyoo wa waridi au kijivu, manyoya meupe pande zote mbili, huchomoza samaki wanapolishwa kisha hurudi. Karibu kila mara huyu ni mfagizi. Hula chakula kilichooza mahali ambapo mkono wako haufiki. Wakiongezeka ghafla, chanzo si jiwe, ni mkono unaolisha. Punguza chakula kwa wiki mbili uone.

Usimguse kwa mkono mtupu. Manyoya yale hukatikia ngozini na kuwasha kama upupu. Ikitokea, bandika gundi ya karatasi mahali hapo na uibandue ili ivute miiba, kisha paka siki. Mikono ikivimba sana au pumzi ikibana, hilo ni la hospitali. Kwa kazi zote za mawe vaa glavu ndefu. Zile nyembamba za duka la dawa hazitoshi, nunua za kuoshea vyombo.

Uzi mrefu mweupe unaotambaa juu ya mchanga, vijibomba vyenye mwavuli unaoingia ndani ukipita kivuli, na kitu kama karanga kinachochungulia kitunduni ni minyoo pia. Waache wote.

Dalili: vimaua vya kahawia vinaongezeka

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu mtu hufika akiwa na kimoja na hurudi akiwa na mia.

Aiptasia ni anemoni mdogo, mwenye shina jembamba linalopitisha mwanga na mikono ya kahawia iliyochongoka. Ukimgusa hujivuta shimoni mara moja. Huwachoma matumbawe wa jirani, na akipata chakula huzaana bila kuomba ruhusa. Kabla ya kumshambulia hakikisha ni yeye. Mwenye ncha za mviringo zenye rangi ya zambarau au kijani ni jamaa yake. Tiba ni ile ile. Mwenye mikono minane yenye vijinyoya kama vya kuku ni tumbawe laini, na watu hulipa fedha kumpata.

Kosa la kwanza ni kumkwangua kwa kisu. Kila kipande cha mguu wake kilichobaki mwambani hukua anemoni mpya. Mteja mmoja alitumia mswaki Jumapili nzima, kwa bidii ya kweli. Baada ya mwezi mmoja nilihesabu mpaka nikaacha.

Wakiwa wachache, tumia chokaa iliyozimwa iliyo safi, ya daraja la chakula. Ile ya kupaka ukuta ina michanganyiko usiyoijua, usiilete karibu. Ikoroge na maji kidogo yaliyochujwa iwe kama uji mzito, ivute kwa bomba la sindano, zima pampu zote, msogelee polepole na umwage juu ya mdomo wake. Atafunga akiwa ameimeza. Subiri robo saa kabla ya kuwasha pampu. Usizidishe watatu wanne kwa siku, kwa sababu chokaa hupandisha pH (kipimo cha asidi na alkali ya maji) na samaki ndio watakaolipa. Vaa miwani: chokaa jichoni ni jeraha, si muwasho. Juisi ya ndimu kwa sindano nayo hufanya kazi kwa wadogo, na ndimu hazikosekani soko la Nakasero.

Wakiwa wengi kuliko sindano, inahitajika mnyama wa kuwala. Kamba wenye mistari myekundu wa jamii ya Lysmata hula aiptasia, ingawa si wote. Wengine hushiba chakula cha samaki wakasahau kazi. Kuna konokono uchi anayeitwa Berghia asiyekula kitu kingine chochote, akimaliza hufa njaa. Kumpata Kampala ni kwa kuagiza, na safari humchosha, kwa hiyo mimi huanza na kamba.

Dalili: tumbawe limefunga halifunguki

Maji kwanza. Chumvi iwe karibu 1.025 kwenye kipima chumvi, joto digrii 25 hadi 27. Usiku wa Kampala una baridi kuliko watu wanavyofikiri, na hita iliyokufa kimya ndiyo sababu ninayoikuta zaidi. Sababu ya pili ni maji ya kujazia. Ya bomba yana klorini. Ya mvua yaliyopitia mabati hubeba zinki, na viumbe visivyo na uti wa mgongo haviivumilii. Nimelikuta hili nyumba tatu, zote wenye nyumba wakisema mvua ni maji safi ya Mungu. Sababu ya tatu ni dawa ya samaki yenye shaba. Shaba huua kamba, konokono na matumbawe, hunywewa na jiwe na kutoka kidogo kidogo baadaye. Dawa ya namna hiyo itumike tangi la pembeni lisilo na jiwe, au isitumike kabisa.

Maji yakiwa sawa, tafuta nyuzi za kamasi kama utando wa buibui. Hutoka kwenye vibomba vigumu vilivyosimama kama miiba juu ya jiwe, na ndani yake yumo konokono asiyetembea anayevua chakula kwa kamasi. Utando ukigusa tumbawe, tumbawe hujifunga. Vunja bomba kwa koleo au ziba mdomo wake kwa tone la gundi supa. Kwa mkaidi, rudia.

Halafu mulika usiku chini ya tumbawe lenyewe: konokono uchi wenye rangi ile ile ya tumbawe wanalokula, au vijikonokono vyeupe kama punje za mchele. Watoe kwa kibano, na usisahau mayai. Minyoo bapa wa rangi ya kutu, wenye mikia miwili mitatu, wavutwe kwa mpira wa maji. Wakishakuwa maelfu usimwage dawa kabla ya kuwapunguza: wanapokufa kwa pamoja hutoa sumu inayoweza kuua samaki wote jioni moja.

Dalili: maji yananuka mayai viza

Jiwe limeingia tangini kabla ya kupona safari. Walichobeba vitundu kinaoza na amonia inapanda. Litoe, likae kwenye pipa la maji chumvi lenye pampu na hita, gizani, ukibadilisha maji mpaka amonia na nitriti zirudi sifuri. Huchukua wiki, wakati mwingine zaidi ya mwezi. Hapo ndipo pia pa kuwanasa wapangaji kirahisi: kabla ya pipa, chovya jiwe dakika moja mbili kwenye maji yenye chumvi ya 1.035 hadi 1.040 na uangalie nani anakimbia.

Muulize muuzaji karatasi. Mawe ya matumbawe yamo katika Kiambatisho cha II cha mkataba wa CITES, ule wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, na Uganda na Kenya zote ni wanachama. Jiwe lisilo na kibali huvuka mpaka limefichwa chini ya mizigo, kavu na moto, na hilo ndilo linalofika limeoza.

Nikiri kosa langu. Miaka ya mwanzo nilitumbukiza mawe ya mkahawa mmoja kwenye maji ya bomba nusu saa ili "kuyasafisha", nikayarudisha tangini mchana ule ule. Kaa mmoja alikufa, kweli. Na bakteria, na sifongo, na minyoo wote waliokuwa vitunduni. Siku ya tatu hapakuwa na samaki.

Dalili: vitu vidogo vyeupe kwenye kioo

Viduara kama konokono wa nukta, vijifuko vyeupe kama nanasi dogo, vijidudu vinavyorukaruka kama viroboto. Havidhuru, na hao wa mwisho ni chakula cha samaki. Kiti cha pweza (nyota wa baharini) mdogo wa ukubwa wa kucha naye kwa kawaida hana shida.

Acha mara moja

Usichemshe jiwe hai. Usilisugue kwa brashi kavu, usilimwagie maji ya moto, usilitie kwenye tanuri. Vijitumbawe vya kahawia au kijani vilivyoungana kama zulia la vifungo, hasa jamii ya Palythoa, vinaweza kuwa na palitoksini. Sumu hii ilielezwa na wanakemia Moore na Scheuer mwaka 1971 kutoka kwa kiumbe cha Hawaii, na ni kati ya sumu kali zinazojulikana. Mvuke wa jiwe linalochemka umewapeleka hospitalini watu wa nyumba nzima pamoja na mbwa wao. Dalili ni ladha chungu ya chuma mdomoni, kikohozi, kifua kubana, homa, misuli kuuma, macho kuwa mekundu. Hakuna dawa ya kuiondoa mwilini; madaktari hutibu dalili. Toka nje na watu wote, osha macho na ngozi kwa maji mengi, nenda hospitali na uwaambie umeshika matumbawe, la sivyo watapima malaria kwanza.

Konokono wa baharini mwenye umbo la pia, aliyechorwa vizuri, usimwokote. Baadhi yao waliopo katika Bahari ya Hindi huchoma kwa mwiba unaoua mtu. Ukichomwa usisubiri maumivu; wakati mwingine ni kidogo tu. Tuliza kiungo kisitikisike na ukimbizwe hospitali.

Na ukihisi umeme unakuuma vidole majini, usitafute mnyama. Zima swichi kuu, mwite fundi umeme.

Uliyemnasa usimpeleke ziwani Ggaba. Atakufa kwa maji yasiyo na chumvi, na Nyanza (Ziwa Victoria) imeshateswa na wageni wa kutosha, tangu sangara wa miaka ya 1950 hadi gugu maji la mwishoni mwa miaka ya 1980. Mpe chombo chake. Kaa wangu wa kwanza mwenye ncha nyeusi yuko kwenye kikapu cha plastiki chini ya tangi hadi leo. Hula mukene mmoja kila siku ya pili, nami humpa kwa kibano kirefu.